Kabla Hujatoa Arubuni ya Prado ya Dizeli Iliyotembea Sana

Mara nyingi mteja hutuletea karakanani, hapa Tororo, Uganda, gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu manne ambalo amekwisha kulilipia, kisha hutuuliza kama kilomita 280,000 zinazosomeka kwenye dashibodi ni nyingi mno. Sisi hatuanzii hapo. Mashine ya dizeli iliyobadilishiwa oili kwa wakati hufika kilomita hizo ikiwa na nguvu zake, ilhali iliyochemsha mara moja tu, dereva akakazana nayo hadi nyumbani, yaweza kuwa imekwisha kabla ya nusu yake. Tena namba hizo hurudishwa nyuma, na pedali ya breki iliyolika mpira hadi chuma kuonekana ni shahidi mwaminifu zaidi.

Tuchukue Toyota Prado za mwishoni mwa miaka ya 1990 zenye mashine ya 1KZ-TE ya lita 3. Kwa kuwa sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, Prado ya aina hiyo inayouzwa leo imekwisha kula vumbi na milima yetu kwa miaka mingi. Udhaifu wake mkubwa ni silinda hedi, yaani kichwa cha mashine kinachofunika silinda kwa juu, ambayo hupasuka gari linapochemsha. Rejeta, yaani kipozaji cha maji ya mashine, ikiwa imeziba hujidhihirisha kwenye mpando mrefu kama ule wa Kapchorwa. Tuliwahi kukagua moja asubuhi na mapema, kabla haijawashwa. Mashine ilikuwa imeoshwa ikang'aa, lakini bomba la juu la rejeta lilikuwa gumu mkononi kama tairi lililojazwa upepo, ingawa gari lilikuwa limelala usiku kucha, na tulipofungua kifuniko kwa uangalifu tulikuta maji yana utando mweusi wa masizi. Moshi wa silinda ulikuwa unapenya kwenye njia za maji. Mnunuzi, mzee aliyekuwa na kiinua mgongo chake mfukoni, tulimsihi asitoe hata shilingi, na tulifurahi sana alipotusikiliza.

Jambo la pili ni mkanda wa taiming, unaofanya vali zifunguke na kufungwa kwa kufuatana na pistoni, ambao kwa mashine hii hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali hugongana na pistoni. Taa ya T-BELT, ile ya dashibodi inayokumbusha kubadilisha mkanda huo, ikiwa imezimwa si ushahidi kwamba mkanda ni mpya, kwa sababu inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Sisi hufungua kasha na kuutazama.

Baada ya hapo tunawasha gari likiwa baridi na kufungua kifuniko cha kujazia oili. Moshi ukifuka kwa nguvu, pistoni na ringi zimechoka. Moshi wa bluu kwenye ekzosi nao unaonyesha kwamba oili inaungua. Gia ya nguvu ya magurudumu manne tunaijaribu kwenye udongo, kamwe si kwenye lami, na chesisi tunaigonga kwa nyundo ndogo kutafuta kutu.

Tunaomba gari litufikie jioni ili lilale kwetu na tulikague asubuhi likiwa baridi kabisa. Muuzaji akikataa lilale kwetu, au akilileta likiwa limekwisha kupashwa moto, tafadhali zuia arubuni yako hadi atakapokubali.