Kabla ya kumlaumu fundi, tazama mguu wako wa kushoto

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wenye magari wanaodai kwamba mafundi wa Nairobi tumegeuka wezi wa klachi. Malalamiko hayo nayasikia gerejini, nayasikia ndani ya matatu, na majuzi niliyasikia hata kanisani, baada ya ibada, kutoka kwa mzee ambaye hadi siku hiyo nilidhani ananipenda. Wimbo ni ule ule: niliweka klachi mpya, mwaka haujaisha imeungua, fundi aliniuzia feki.

Feki zipo, na hapo simtetei mtu. Mjini utauziwa boksi lenye maandishi ya Kijapani, na ndani yake pleti ambayo Wajapani wenyewe hawaijui. Lakini mimi nafanya kazi Kariobangi Light Industries, klachi na giaboksi tu, sigusi umeme wala rangi, na klachi nyingi ninazozitoa hazikuuawa na ufeki. Zimeuawa na kusubiri. Gari limesimama kwenye foleni, na mwenyewe hajui mguu wake wa kushoto unafanya nini.

Nieleze kidogo kinachotendeka huko chini. Klachi pleti, ile sahani inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, imebanwa kati ya flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini, na presha pleti inayoikandamiza. Ukiachilia pedali yote, vitu hivyo vitatu vinazunguka kwa pamoja na hakuna kinachomsugua mwenzake. Ukikanyaga hadi sakafuni, presha pleti inalegeza, pleti inabaki huru, na hapo pia hakuna msuguano. Taabu iko katikati, pale ambapo gari linatetemeka kidogo na kutaka kuondoka. Madereva wetu hupaita balansi.

Jioni yoyote panda Valley Road kuelekea Ngong Road, foleni ikiwa imekaza, kisha tazama gari lililo mbele yako. Taa za breki zimezima. Gari limesimama mlimani, lakini halijatulia: linasogea mbele kiasi cha shubiri, linarudi nyuma, linasogea tena. Dereva wake analishikilia kwa balansi, na pengine anajiona fundi wa usukani. Injini yake ikiwa imetulia inazunguka takriban mara 800 kwa dakika, na akiongeza mafuta ili isizime inafika 1,500 au zaidi. Upande wa pili magurudumu yamesimama, kwa hiyo pleti nayo imesimama. Flaiwili inaisugua kama msasa juu ya ubao, na nguvu yote ambayo ingelipandisha gari inageuka kuwa joto. Ile harufu kali inayoingia matatuni abiria wakaanza kutazamana ni lainingi, ule utando wa kusugua ulio juu ya pleti, inayoungua. Haitoki kwa jirani.

Kuna kijana anayesambaza maziwa kwa Probox. Alikuja akiwa na hasira, kwamba klachi niliyomwekea ni takataka. Sikubishana naye. Nilimwambia akae pale kwenye debe, tukashusha giaboksi akiona. Pleti ilikuwa imelika sawasawa pande zote mbili hadi ribiti, vile visumari vinavyoshika lainingi, zikatokeza, na ribiti hizo zilikuwa zimechora mistari ya duara kwenye flaiwili. Flaiwili yenyewe ilikuwa na mabaka ya samawati, rangi ambayo chuma hupata kikichomwa sana. Pleti mbovu ya kiwandani mara nyingi humwaga lainingi vipande vipande au springi zake za katikati hulegea. Hii haikuwa na kasoro hiyo. Ilikuwa imefanya kazi hadi ikaisha.

"Boss, asubuhi unapitia wapi?"

"Natoka Waiyaki Way, fundi, nashuka tauni, halafu napanda Upper Hill."

"Foleni ikisimama pale mlimani, gari unalishika na nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza jina la mamake. "Na klachi. Si ndivyo tulivyofundishwa?"

Na kweli ndivyo alivyofundishwa. Shule nyingi za udereva humfundisha mwanafunzi balansi kwa sababu kwenye mtihani atasimamishwa mlimani na kuambiwa aondoke bila kurudi nyuma. Hilo ni sawa. Lakini balansi ni ya kuondokea, muda wa pumzi moja hivi. Gari likisimama, vuta handibreki, weka fri, yaani ondoa gia, kisha ondoa mguu kwenye klachi. Foleni ikisogea, kanyaga klachi, gia ya kwanza, mafuta kidogo, achilia klachi taratibu hadi usikie mlio wa injini umeshuka na pua ya gari inataka kuinuka, kisha shusha handibreki uende zako. Mwalimu akishaona mwanafunzi amejua kuondoka, anafunga somo. Nusu saa ya kusubiri kabla ya kuondoka haina mtu anayeifundisha, na katika mji huu tunasubiri kuliko tunavyoendesha.

Na kabla hujaniuliza kwa nini kazi ya klachi ni ghali, jua kwamba huwezi kuifikia pleti bila kushusha giaboksi. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya mbele nachomoa kwanza shafti zote mbili, na kwenye matatu nafungua propela, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Kisha flaiwili iliyochomwa hivyo lazima ipelekwe kwa wenye mashine ikasawazishwe, la sivyo pleti mpya itatetemeka tangu siku ya kwanza na utarudi kuniita mwizi mara ya pili.

Kuna kundi la pili, la waungwana zaidi. Hawa hawafanyi balansi. Wakifika kwenye taa wanakanyaga klachi hadi chini, gia ya kwanza iko ndani, na wanakaa hivyo hadi waruhusiwe. Pleti yao haiungui. Kinachoteseka ni rilisi beringi, ambayo husukuma vidole vya presha pleti kila unapokanyaga. Muda wote mguu ukiwa chini, beringi hiyo inazunguka ikiwa imebeba mzigo. Grisi yake ilifungiwa humo kiwandani, huwezi kuiongeza, na iliundwa kwa kazi ya vipindi vifupi. Mzigo huo huo unasukuma pia krankshafti, mhimili mkuu wa injini, kuelekea mbele, na kuna vipande vyembamba vya nusu duara vinavyoizuia isicheze. Vikilika hivyo, tumetoka kwenye habari ya klachi, tumeingia kwenye habari ya kufungua injini.

Sitaki kumtisha mtu bure. Taa ikiwa karibu kubadilika, kukanyaga klachi kwa sekunde chache hakuna neno. Lakini taa zetu tunazijua. Kwenye mizunguko ya Uhuru Highway taa inaweza kuwa kijani, nyekundu, kijani tena, na askari wa trafiki amekunyooshea kiganja tu, hana habari nayo. Ukiona askari amekupa mgongo, weka fri. Huyo hakugeukii leo.

Jipime mwenyewe. Gari likiwa fri, injini inanguruma, sikiliza mguu ukiwa mbali na klachi, kisha kanyaga. Mlio ukianza unapokanyaga, hiyo ni rilisi beringi inaomba kustaafu. Mlio ukiwepo mguu ukiwa juu na kupotea unapokanyaga, tatizo huenda liko kwenye beringi ya shafti ya giaboksi, na fundi anayekuuzia klachi kwa mlio huo hajakutendea haki. Pleti nayo ina kipimo chake: mahali tambarare pasipo mtu mbele, handibreki imekaza na mguu wa kulia uko kwenye breki, weka gia ya tatu uachilie klachi taratibu. Injini ikizima, pleti bado inashika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hujafanya kitu, anza kuweka akiba. Usirudierudie mchezo huo, utaimaliza hiyo iliyobaki.

Wanaoegemeza mguu kwenye klachi wakiwa mwendoni sina mengi ya kuwaambia. Pale kando ya pedali pana nafasi ya kuuweka mguu.

Najua kwa nini watu hawataki fri. Ni woga wa kupitwa. Mtu anaona akiondoa gia, matatu itajipenyeza kwenye kile kinafasi cha mbele, na wa nyuma atampigia honi. Tangu barabara ya kulipia ifunguliwe mwaka wa 2022, wenye nazo wanapita juu, na sisi wa chini ya nguzo Mombasa Road tumebaki kugombania kila hatua ya lami. Lakini kutoka fri hadi gia ya kwanza ni kufumba na kufumbua. Matatu iliyotaka kuingia itaingia hata ukiwa na gia tano ndani. Mimi huiacha nafasi ikue kidogo, kisha naenda kwa gia ya kwanza klachi ikiwa nimeiachilia yote, gari linatambaa lenyewe bila mafuta. Wanaosogea shubiri kwa shubiri kwa nusu klachi tunafika pamoja Nyayo Stadium.

Tena fikiria wale wachuuzi wanaopita katikati ya magari na karanga, maji na chaja za simu. Umekaa na gia ndani na mguu uliochoka juu ya klachi. Mtu akikugonga nyuma, hata kidogo tu, mguu unateleza na gari linaruka mbele. Mwenye karanga yuko hapo hapo mbele ya bampa. Ukiwa fri na handibreki imevutwa, gari likigongwa lina cha kulizuia, na injini haiongezi nguvu yake kwenye mkosi huo.

Hapa nisieleweke vibaya. Fri ninayoizungumzia ni ya gari lililosimama. Kuna madereva wanaopiga fri wakiteremka mlima, eti kuokoa mafuta, na wa malori ndio wabaya zaidi. Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, imetuzikia watu wengi, na malori ya kupiga fri yametajwa tena na tena. Gari la fri mteremkoni halishikwi na injini, breki zinabeba uzito wote hadi zinachemka na kukataa. Isitoshe, injini za kisasa hukata mafuta zenyewe unapoteremka na gia ndani, kwa hiyo hata hicho unachodhani umeokoa hujaokoa.

Wenye otomatiki wamekuwa wakinicheka wakisoma haya. Wengi wao wana haki, kwa sababu ndani ya gari lao kuna mafuta yanayofanya kazi hiyo. Lakini yako magari ya otomatiki yenye klachi mbili kavu ndani, zisizokaa kwenye mafuta, na haya hayapendi kutambaa shubiri kwa shubiri kwenye foleni. Bei ya klachi hizo nawaachia muulize wenyewe mkiwa mmeketi.

Kuna mahali pamoja ambapo sifuati maneno yangu. Usiku wa manane, kwenye taa zisizo na watu, nimesimama peke yangu na kuna vijana wawili wanakuja polepole kando ya barabara, siweki fri. Gia ya kwanza iko ndani, klachi iko chini kabisa, si nusu, macho kwenye kioo, na nafasi ya kutokea mbele yangu nimeiacha. Mwanamke aliyeniletea Vitz yake yenye beringi inayolia aliniambia anatoka kazini usiku na hivyo ndivyo anavyosimama kwenye kila taa. Nilimbadilishia beringi, na hilo la kuhubiriana juu ya fri sikulitaja.

Fundi wa klachi,
Kariobangi, Nairobi