Mdogo wangu, zile namba nyingine hukuzipiga picha

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe unausoma unanyamaza. Basi nakuandikia hapa, na wengine wasome, maana nawe ulinisema mbele za watu.

Ile picha bado unayo? Kipima sukari kimeandika 14.2, milimoli kwa lita, saa nane usiku, kidole gumba chako kinaonekana pembeni. Msibani uliipitisha simu mkono kwa mkono: "Oneni, sukari ilipanda hivi na dada yangu akaunga mkono mwanangu asipewe insulini." Shangazi akatafuta miwani kabisa. Mimi nimeshika sinia la vikombe. Sikujibu.

Nauguza watu wazima, lakini pale nilikuwa mama mkubwa tu, kama ulivyokuwa mama. Daktari alieleza, nami nikamwelewa. Mtoto mwenye sepsisi, yaani maambukizi yaliyouzidi mwili, mwili wake humwaga homoni za adrenalini na kotisoli, ini likaachia sukari, na insulini yake mwenyewe isifue dafu. Ile namba mara nyingi inaonyesha tu jinsi alivyozidiwa. Kuibana sukari ishuke kwa insulini kuliwahi kutia watu matumaini: Leuven, Ubelgiji, mwaka 2009, watoto 700 mahututi, na waliobanwa sukari walikufa wachache zaidi. Ila robo yao sukari ilishuka kupita kiasi. Waingereza walipojaribu, matokeo ya 2014 hayakuonyesha faida waliyoitafuta. Wamarekani walisimamisha jaribio lao mapema. Walitangaza 2017 kwamba waliobanwa hawakunufaika, na walioshuka vibaya walikuwa wengi kuliko wenzao. Mwongozo wa kimataifa wa sepsisi kwa watoto, wa 2020, unashauri insulini isitumike kuishusha hadi 7.8 au chini yake.

14.2 iko juu mno ya hapo, najua, usinirukie. Walipunguza glukosi, ile sukari ya kwenye dripu, wakawa wanampima kila saa. 12.8. 11.1. Hizo hukuzipiga picha.

Wala ile ya kwanza kabisa hukuipiga. Ulikuwa umempakata, nesi akamtoboa kisigino, tone likagoma kutoka, akakikamua tena. 1.9. Kwa mtoto, chini ya 2.5 ni hatari tayari. Kilo 11, mililita 55 za glukosi ya asilimia 10 zikasukumwa kwenye mshipa polepole, na baada ya nusu saa ikasoma 4.6. Akafumbua macho akakutafuta wewe. Siku mbili hajala, anatapika, ana homa. Ini la mtoto halina akiba ya kumfikisha mbali, na ubongo wake unaitegemea sukari hiyohiyo. Ndiyo maana nawaambia wazazi: mtoto mwenye homa akilegea, akikataa kula, usisubiri kuche.

Nawaambia sasa.

Usiku uliotangulia ulinipigia, natoka zamu, miguu inawaka moto. Nikasema mpe maji kidogo kidogo, asubuhi mpeleke. Uliniambia ana homa. Hukuniambia amelegea. Ungeniambia amelegea ningekuja mwenyewe kumbeba, unanijua. Au uliniambia, nami nilikuwa natafuta funguo kwenye mkoba? Nimeirudia ile simu kichwani mpaka sauti yako imechanganyika na yangu. Kwenye orodha ya simu bado ipo, sijaifuta: dakika 1 na sekunde 40.

Ulisema nini, mdogo wangu? Nipigie uniambie.