Wahitimu wa Lubumbashi waalikwe kabla tasnifu hazijajaladiwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na viongozi wa fakulte za Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na pia na sisi tuliosomea hapo kisha tukatawanyika.

Hivi karibuni nilihudhuria utetezi wa tasnifu ya udaktari ya mtoto wa jirani yangu, aliyechunguza maji ya visima katika mitaa yetu. Ukumbi ulijaa: mama yake na mashangazi walivaa kitenge cha sare, na vigelegele vilipopanda mwenyekiti wa jopo aliomba utulivu mara mbili. Nilifurahi pamoja nao. Lakini nilipotafuta kwa macho wale wanaoshughulika na maji hayo kila siku, yaani wahandisi, waganga na mafundi wa visima, nilimwona mmoja tu, mzee mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, aliyeketi mstari wa nyuma. Tulipotoka nje kunywa soda, mzee huyo alimvuta kijana kando, akageuza bahasha ya mwaliko na kuchora juu yake mfereji wa zamani uliofukiwa miaka mingi iliyopita, ambao haukuonekana katika ramani yoyote aliyoitumia kijana. Kijana aliutazama mchoro ule kwa muda mrefu bila kusema neno. Kazi yake ilikuwa imekwisha kuchapwa na kujaladiwa.

Kwa sababu hiyo ninaomba fakulte zitenge kila mwaka siku moja, ikiwezekana Jumamosi asubuhi, ambapo wanafunzi wa master na wa udaktari wataeleza utafiti wao ungali njiani, mbele ya wahitimu walioalikwa rasmi. Pasiwe na jopo wala alama. Kila mmoja apewe robo saa ya kueleza, na muda mrefu kuliko huo ubaki kwa maswali, kwa kuwa faida kubwa imo humo. Mji huu umekaa juu ya shaba na kobalti, unapikia makaa yanayotoka katika misitu ya miombo, na watu wake wamekula mahindi kwa vizazi. Vijana wanaoandika juu ya mambo hayo wanawahitaji wahitimu waliokwisha kuyashika kwa mikono.

Najua wako wahitimu wanaodhani mwaliko wa chuo ni mchango uliovishwa koti. Hapa hatuombwi pesa. Wengine wanaona haya, kwa kuwa walisoma graduat ya miaka mitatu na licence ya miwili, ngazi za mfumo wa zamani, na msamiati wa LMD, yaani mfumo wa licence, master na doctorat, hawaujui. Haya hiyo haina msingi. Chuo kilifungua milango mwaka 1956, kikaunganishwa katika UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1971, kikarudishiwa uhuru wake mwaka 1981, hata ndugu wa nyumba moja waweza kuwa na diploma zenye majina tofauti ya chuo kilekile. Katika miaka ya UNAZA vijana waliletwa hapa kutoka pembe zote za nchi kusomea fasihi na sayansi za jamii. Wengi wao sasa ni wazee wa Kinshasa, Kisangani na Bukavu, na wale wasioweza kusafiri wapewe njia ya kusikiliza kwa simu.

Jambo moja zaidi, nalo naliona zito. Tasnifu huandikwa kwa Kifaransa, na sipingi. Lakini siku hiyo kila mtafiti aeleze kiini cha kazi yake kwa Kiswahili pia, ili fundi wa visima wa mtaa wa Katuba aliyesindikizwa na mhitimu aweze kusimama na kumwuliza swali bila mkalimani.

Nakuomba, Bwana Mhariri, tarehe itakapopangwa uitangaze katika ukurasa wako wa mbele, majuma mawili kabla, pamoja na orodha ya mada, ili kila mhitimu ajue mapema ni chumba gani kinachomhitaji.

Wako katika kazi,
Mhitimu wa kemia, Lubumbashi