Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: fungueni dosye, faili za wanafunzi

Lubumbashi, Katuba

Mheshimiwa Waziri,

Nafundisha hesabu darasa la mwisho la sekondari. Kila mwaka matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yakitoka, wanafunzi wangu wananimwagia poda kichwani, nami nacheka pamoja nao. Siku mbili tatu baadaye kicheko kinaisha: mwenye asilimia 62 aende wapi, mwenye 53 atapokelewa na nani?

Msichana mmoja alinijia na buletini zake, ripoti za alama za shule, ndani ya mfuko mweusi wa plastiki. Mama yake anauza makaa, na pembe za zile karatasi zilikuwa na alama za vidole. Miaka yake miwili ya mwisho: 71 na 74. Exetat: 54. Kwenye fakultate aliyoitaka, karani aliuliza namba moja tu, kisha akamrudishia mfuko bila kuufungua. Mwenzake wa dawati la nyuma, buletini 56, Exetat 68, alipokelewa. Sisemi aliiba majibu. Mtihani wa siku nne, wa kuchagua jibu, unaweza kumbeba mtu kama unavyoweza kumwangusha. Mwaka haujafika nusu, kijana alikuwa amerudi mtaani kuuza vocha za simu.

Watoto wawili si ushahidi, najua. Ndiyo maana nawatazama waliohesabu wengi. Marekani, mwaka 2007, Geiser na Santelices walifuata wanafunzi karibu 80,000 wa Chuo Kikuu cha California, wakakuta alama za sekondari zinatabiri mwendo wa mwanafunzi hadi mwaka wa nne vizuri kuliko SAT, mtihani wa kuingia chuo huko. Mwaka 2020 Allensworth na Clark walifanya hivyo kwa wahitimu zaidi ya 55,000 wa shule za serikali za Chicago: katika kutabiri nani atamaliza chuo, alama za shule zilikuwa na nguvu karibu mara tano ya ACT, mtihani mwingine wa aina ya SAT. Mimi sishangai. Ndani ya buletini mna mvua ya Januari na mtoto aliyefika hata hivyo, mna kazi zilizorudishwa, mna kuanguka Desemba na kuinuka Juni. Chuo nacho kinadai mambo hayohayo.

Lakini nisikudanganye. Mwaka huohuo wa 2020, kamati ya maprofesa wa California ileile ilikuta mtihani unatabiri alama za mwaka wa kwanza vizuri kuliko alama za sekondari. MIT, chuo kingine cha Marekani, waliokuwa wameusimamisha mtihani waliurudisha 2022. Na sisi walimu tunajua buletini inavyovimba. Mimi mwenyewe, Juni moja, nilimwongezea kijana pointi nne ili asirudie mwaka, kwa sababu baba yake alikuwa amefariki Machi. Ningefanya tena. Sasa nani atajua kuwa 60 yangu si 60 ya shule ya jirani?

Kuna na mtego mwingine. Ukiwapima magolikipa peke yao utasema urefu hausaidii kitu, maana wafupi walishaachwa nje. Chuo kikipokea wenye asilimia za juu tu, kisha kikapima kama asilimia inasaidia, kitajidanganya vilevile.

Kwa hiyo siombi Exetat ifutwe. Upo tangu 1967 na sina wa kuuweka mahali pake. Siombi hata karani yule aadhibiwe. Naomba kitu kidogo kisichohitaji bajeti kubwa: dosye za kujiandikisha tayari zina buletini za miaka miwili ya mwisho na asilimia ya Exetat, na fakultate nyingine zina mtihani wao wa kuingia. Agiza kila fakultate iandike namba hizo kwenye mstari mmoja, na mwisho wa mwaka wa kwanza iongeze matokeo ya mwanafunzi, bila jina. Itoe karatasi hizo kila mwaka, tuzisome wote, chuo kwa chuo, opsheni (mchepuo wa sekondari) kwa opsheni. Aliyesoma pedagojia na aliyesoma hesabu-fizikia huenda hawapimwi na namba ileile.

Nina daftari la wanafunzi wangu wa mwisho, miaka tisa. Safu ya buletini imejaa, safu ya Exetat imejaa. Ya tatu ni tupu, isipokuwa pale nilipokutana na mmoja wao kwenye basi akaniambia mwenyewe.

Wako kwa heshima,
Mwalimu wa hesabu, Katuba