Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Kikundi cha Mazingira cha Usharika

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa na wanachama wenzangu, Bwana Yesu asifiwe.

Mwaka jana nilisimama hapa nikawasomea idadi ya miche tuliyopanda, mkapiga makofi. Mwaka huu siisomi. Januari, mimi na katibu tulichukua vijana watatu wa kipaimara tukazunguka mitaa yote ya usharika kuhesabu miti iliyo hai. Katika kila miche kumi, iliyosalia haifiki minne. Nyuma ya nyumba ya mwinjilisti tulikuta mashimo na vijiti. Mbuzi wamekula sehemu yao, na siwalaumu. Mbuzi hajui mche upi umeombewa. Mingi lakini ilikufa kwa kiu, na hilo ni kosa letu, nikianza na mimi niliyepanga ratiba.

Tulipanda tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani. Kwaya zote zilikuwepo, mgeni rasmi akaja, picha zikapigwa. Ila kila mwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba na kahawa, hapa Kilimanjaro anajua kwamba Juni masika yameshaaga. Kinachofuata ni baridi na ukungu, kisha jua mpaka vuli. Tulifuata kalenda ya sherehe tukaiacha ya mvua. Serikali ilipoweka Siku ya Taifa ya Kupanda Miti Aprili mosi, kwetu sisi wa masika ilipatia kuliko tulivyopatia wenyewe.

Ndiyo maana mwaka huu tuliomba Baraza la Wazee turuhusiwe kuadhimisha Kipindi cha Uumbaji, kuanzia 1 Septemba hadi 4 Oktoba. Kwa wasiokifahamu: mwaka 1989 Patriaki Dimitrios wa Kanisa la Kiorthodoksi kule Konstantinopoli aliitenga Septemba mosi iwe siku ya kuombea uumbaji, na makanisa mengine yakaipokea taratibu. Oktoba 4 ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambayo jirani zetu Wakatoliki wanaijua vizuri. Nakiri kwamba mwanzoni nilikipinga. Nilisema Septemba kwetu ni vumbi, tutasherehekea nini? Mama mmoja wa kwaya ndiye aliyenijibu kwamba mashimo huchimbwa kwenye vumbi, hayachimbwi kwenye tope.

Basi tukachimba. Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, watu walishuka na majembe na mapanga kufukua mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa maji, uliokuwa umeziba, ule unaopita chini ya shule. Jumapili zilizofuata tuliandaa mashimo na kuyajaza samadi, tukasubiri vuli ndipo tukapanda. Safari hii miche ya migrevilea, miti ya kigeni, ilikuwa michache. Tulitafuta zaidi miringaringa na miruka, miti ambayo wazee wetu waliiacha juu ya kahawa na migomba kwa sababu walijua kazi yake. Msesewe, ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, tuliupanda karibu na maji. Naomba asitokee mtu wa kuuliza kama kikundi kinajiandaa kupika mbege.

Jambo lililozua mjadala ni isale, mmea ambao sisi Wachagga tunautumia kuombea msamaha. Jumapili ya pili, wakati wa toba, mzee mmoja wa kanisa alikwenda mbele ameshika jani la isale, akaliweka chini ya madhabahu bila kusema neno. Wenye umri wangu tulinyamaza kabisa. Mchagga akiletewa isale na aliyemkosea, hana njia ya kukataa suluhu. Sasa tuliokosea ni sisi, na tuliowakosea ni chemchemi na msitu. Baadaye nililetewa malalamiko kwamba mila imeingizwa kanisani. Nimeyapokea na kuyafikisha kwa Mchungaji. Maoni yangu binafsi ni kwamba sijaona toba iliyoeleweka haraka kiasi kile.

Toba hiyo ilikuwa na anwani. Wote mnaijua mikaratusi ya usharika iliyo bondeni, karibu kabisa na chemchemi. Ilipandwa zamani kwa nia njema, ili nguzo ziuzwe paa lijengwe, na paa mnaliona. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka meta 60 kutoka kwenye chanzo cha maji ziachwe zikiwa zimehifadhiwa, na kanisa haliwezi kuhubiri Mwanzo 2:15, “ailime na kuitunza”, huku mikaratusi yake inakunywa maji ya jirani. Tulibishana vikao vitatu. Wapo waliouliza mapato yatatoka wapi, na swali lao ni la haki. Tulikubaliana kukata kwa awamu, pesa ya nguzo iingie kwenye mfuko wa ujenzi kama kawaida, na nafasi ijazwe miti ya asili. Awamu ya kwanza imekwisha. Visiki vimeanza kuchipua tena, kwa hiyo kuna kazi ya shoka.

Sikukuu ya Mavuno ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, lakini mnada wetu bado ulikuwa na vifuko vyembamba vya kila aina. Safari hii ndizi, maharage na mayai vilikuja kwenye vikapu na majani ya migomba. Kiburu, chakula chetu cha ndizi na maharage, kilipakuliwa kwenye sahani za kuazima, maji yakanywewa kwa vikombe vya bati. Chupa za plastiki kwenye harusi na misiba zimetushinda. Huko wenye kauli ni kamati za familia.

Aibu moja ndogo: viriba vya miche yetu navyo ni plastiki. Tulivikuta vimetupwa kando ya kila shimo, tukavikusanya, vikajaza magunia mawili.

Kwa vijana wa kipaimara, kupanda mti si jambo geni katika Dayosisi yetu ya Kaskazini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Askofu Fredrick Shoo alijulikana kwa jina la askofu wa miti. Sisi tumeongeza sharti dogo: kijana aje na mzazi auonyeshe mti wake ukiwa hai baada ya kiangazi. Hesabu inayofuata ni Februari.

Jumamosi tunakutana bondeni saa moja asubuhi kwa ajili ya visiki. Mwenye shoka aje nalo. Sasa namkaribisha Mhazini. Naomba mumsikilize kwa utulivu, maana risiti za samadi zina utata kidogo.