Kadi za kudarizi zifundishwe pamoja na kazi ya karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili niwafikie wakufunzi wa ushonaji, walimu wa mkondo wa amali na viongozi wa vikundi vya akina mama ambao wameanza kutengeneza kadi za salamu na pongezi kwa mkono, zile zenye ua au picha ndogo iliyodariziwa kwa mshono wa msalaba na kuwekwa ndani ya dirisha la karatasi ya manila. Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kazi hii naipenda sana, ndiyo maana inaniuma kuona inafundishwa nusu nusu.

Nusu ya sindano tunaiweza. Ukipita kwenye mabanda ya kazi za mikono wakati wa maonesho utakuta misalaba iliyolala upande mmoja, rangi zilizochaguliwa kwa utulivu na mkono uliokomaa. Ukiigeuza kadi ndipo unapoona kwamba gamu ya maji imeikunjakunja karatasi, mkunjo umepasuka, dirisha limekatwa kombo, na bahasha ama ni kubwa kupita kiasi ama haipo kabisa. Mnunuzi hasemi neno, anairudisha mezani na kwenda zake, na fundi anabaki akidhani kwamba watu hawathamini kazi ya mkono. Chanzo chake ni kwamba kudarizi kunafundishwa na mwalimu wa ushonaji, ukataji na ukunjaji wa karatasi unaachiwa mwalimu wa sanaa, na hakuna anayewajibika kwa kadi iliyokamilika.

Wapo wanaosema kwamba kadi zimeuawa na simu. Ni kweli kwamba mialiko na kadi za michango ya harusi sasa hutumwa kwa WhatsApp, na sioni ubaya wake, kwa kuwa kamati inayoalika mamia ya watu haiwezi kusubiri sindano. Hata kadi ya kwanza ya Krismasi iliyochapwa kwa ajili ya kuuzwa, ambayo Henry Cole aliagiza ichorwe na John Callcott Horsley jijini London mwaka 1843, ilitokana na haja ya mtu mwenye wengi wa kuwasalimu na muda mchache wa kuwaandikia. Kadi ya kudarizi haishindani na hizo, kwa sababu inatengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja: bibi anayetimiza miaka themanini, mwalimu anayestaafu, mtoto anayebatizwa au aliyehitimu madrasa. Mtu huyo ataiweka kwenye kabati la vioo sebuleni, ataitazama kwa miaka, na kila kosa la mkasi litabaki hapo likionekana.

Kwa hiyo kazi ianze kwa rula, na hesabu ya kwanza iwe ya bahasha. Manila ya ukubwa wa A4, ambayo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya shule, ina urefu wa sentimita 29.7 na upana wa sentimita 21. Kadi yenye dirisha inahitaji sehemu tatu zinazolingana, kwa sababu moja hukunjwa kufunika mgongo wa kitambaa, na 29.7 ikigawanywa kwa tatu inatoa 9.9. Anayetaka kadi yenye upana wa sentimita 10.5, yaani upana wa A6, hawezi kuitoa kwenye karatasi moja ya A4, na hapo ndipo wanafunzi huanza kuunga vipande kwa gamu. Mimi nashauri wakubali upana wa 9.9 na wakate kimo cha sentimita 14. Kadi ya namna hiyo huingia vizuri kwenye bahasha ya C6, ambayo ni sentimita 11.4 kwa 16.2, na ukanda wa sentimita 7 unaobaki hutosha kutengenezea vijikaratasi vya kufungia zawadi.

Dirisha lenye upana wa sentimita 6.5 na kimo cha 8.5, likikatwa katika sehemu ya katikati, huacha sentimita 1.7 kila ubavu, 2 juu na 3.5 chini. Nafasi hiyo ya chini ina kazi yake, ambayo nitaieleza. Baada ya hapo ndipo kitambaa kinapohesabiwa. Kitambaa cha aida, kile kilichofumwa kwa miraba ya kudarizia, kikiwa cha namba 14 kina miraba 14 katika kila inchi, yaani karibu miraba 5.5 kwa sentimita, hivyo mchoro wa miraba 28 kwa 38 utatoka ukiwa na sentimita 5.1 kwa 6.9 na kubakiza milimita 7 au 8 za nafasi tupu kuuzunguka ndani ya dirisha. Mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza hesabu hii, lakini fundi asiyeipiga hushona kwanza, kisha hutangatanga akitafuta karatasi itakayolingana na alichokwisha kushona. Mahali ambapo aida haipatikani, kitambaa cha drafti chenye miraba midogo kinafaa, na kitambaa chochote ambacho nyuzi zake zinahesabika kinafaa pia, mradi fundi apime mwenyewe miraba inayoingia katika sentimita moja kabla ya kuchagua mchoro.

Mkunjo nao una taratibu zake. Manila ya gramu 220 hadi 250 kwa mita ya mraba haikunjwi kwa vidole vitupu, bali hupigwa mstari kwanza kwa kalamu ya wino iliyokwisha, ikiegemezwa kwenye rula ya chuma, ndipo ikunjwe. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi zake, na karatasi nyingi za A4 zina nyuzi zinazofuata urefu, ilhali mikunjo ya kadi hii huzikata nyuzi hizo. Ndiyo sababu kadi isiyopigwa mstari hupasuka ngozi pale pale kwenye mgongo wake. Dirisha nalo likatwe kwa kisu chenye makali mapya juu ya kioo au kadibodi nene, kutoka kila kona kuelekea katikati ya upande, ili kisu kisipite mpaka. Sehemu inayofunika mgongo wa kitambaa, ambayo huwa kushoto kadi ikiwa imefunguliwa na kulazwa kifudifudi, ipunguzwe milimita 2, kwani isipopunguzwa itasukuma mkunjo na kadi haitafunga. Kitambaa kikatwe kikiwa kimezidi dirisha kwa sentimita 1.5 kila upande, kisha kishikwe kwa gundi ya utepe inayonata pande mbili, wala si kwa gamu ya maji, ambayo hulowesha karatasi na kuiacha na mawimbi yasiyonyooka tena.

Hata ushonaji wenyewe hubadilika kidogo unapokusudiwa kadi. Uzi wa kudarizi huuzwa ukiwa na nyuzi sita zilizoambatana, na kwa aida namba 14 nyuzi mbili zinatosha. Fundo lisifungwe. Kwenye kitambaa cha kochi fundo haliwasumbui watu, lakini ndani ya kadi hutokeza uvimbe unaoonekana mara tu karatasi inapobanwa, kwa hiyo ncha za uzi zipitishwe chini ya mishono iliyokwisha kushonwa. Uzi wa rangi nzito usivushwe nyuma ya mahali palipo wazi, kwa maana utaonekana mbele kama kivuli. Kazi ianzie katikati ya kitambaa, ambapo hupatikana kwa kukikunja mara mbili, na misalaba yote ifunikwe kwa mshono wa juu unaoelekea upande ule ule.

Sasa nieleze ile nafasi ya sentimita 3.5. Kanga ina pindo pembeni, mji katikati na jina, yaani maneno yake, na sioni sababu ya mwanafunzi wa Tanga, Mombasa au Unguja kunakili mti wenye theluji kutoka vielelezo vya Ulaya wakati mpangilio huu anauona kila siku mabegani mwa mama yake. Dirisha la kadi na liwe mji, na ndani yake ushonwe mkarafuu, korosho, jahazi au ua moja kutoka kwenye mlango wa kuchongwa. Pindo litokane na karatasi, kwa vipande vya rangi vilivyokatwa kwa mfuatano na kubandikwa kuzunguka dirisha, au kwa matundu ya sindano yaliyochomwa kwa mistari miwili iliyonyooka. Jina liandikwe chini ya dirisha kwa mwandiko wa mkono, maneno machache yanayomhusu anayepewa, kama vile «Hongera mwanangu». Kanga nyingi husimama kwa rangi tatu au nne, na kadi nayo ifuate nidhamu hiyo, rangi za pindo zikichaguliwa miongoni mwa zile zilizokwisha kutumika katika mshono. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu hapa ndipo karatasi na sindano zinapokutana kwa haki: pindo likiwa la karatasi, fundi hatalazimika kujaza kitambaa kizima kwa uzi.

Na hilo linagusa bei. Mchoro wa miraba 28 kwa 38 ukijazwa wote una misalaba 1,064, kazi ya saa nyingi hata kwa mwenye mkono mwepesi, na hakuna bei ya sokoni itakayomlipa fundi huyo ipasavyo. Ua la miraba 14 kwa 14, lenye misalaba isiyozidi 196 na ukubwa wa takriban sentimita 2.5 kila upande, linaweza kusimama peke yake katika dirisha dogo, likizungukwa na pindo la karatasi lililopangwa vizuri, na likauzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu bila fundi kunyonyeka. Kikundi kinachouza kadi kinastahili kuwa na aina zote mbili, ile kubwa ikishonwa kwa oda na kulipwa kwa saa zake. Nawasihi viongozi wa vikundi waache kupanga bei kwa kuhesabu manila na uzi peke yake, kana kwamba muda wa mwanamke aliyeinama juu ya kazi hiyo hauna thamani.

Kwa shule zisizo na fedha ya kitambaa ipo njia nyingine, ambayo ni kushona moja kwa moja juu ya manila. Katika karne ya 19, watu wa Ulaya na Marekani walidarizi alama za vitabuni na mapambo ya ukutani kwenye karatasi iliyotobolewa kiwandani. Sisi tunaweza kuitoboa wenyewe kwa kuweka karatasi ya grafu yenye vijiraba vya milimita 2 juu ya manila, kuilaza juu ya blanketi lililokunjwa, na kuchoma pini kila baada ya vijiraba viwili, ili matundu yaachane kwa milimita 4. Yakisogeana mno manila huweza kukatika katikati ya mshono. Watoto wa darasa la nne na la tano hujifunza hapo kuhesabu, kunyoosha mstari na kutokuwa na haraka, na kadi wanayopeleka nyumbani kwa mzazi ni kazi yao kwelikweli.

Karatasi yenyewe pia inaweza kuwa ya hapa nyumbani. Neema Crafts ya Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana na inayoajiri watu wenye ulemavu, imetengeneza karatasi kwa mkono, ikiwemo inayotokana na kinyesi cha tembo. Karatasi ya namna hiyo ina uso wenye mparuzo unaopendeza sana ikitumiwa kwa pindo, ingawa kwa dirisha na mikunjo ningebaki na manila.

Nina maombi mawili. Kwanza, maofisa maendeleo ya jamii wanaovishauri vikundi vinavyoomba mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, waviambie vikundi vya kadi vianze na rula za chuma, visu vizuri, gundi ya utepe na bahasha za kipimo kimoja, kabla ya kufikiria mashine ya kukatia maumbo. Kikundi kisichojua kupima dirisha kitaharibu karatasi kwa kasi zaidi kikipewa mashine.

Pili, vyuo na shule zinazofundisha kudarizi zibadilishe namna ya kutahini kazi hii. Badala ya kukusanya vipande vya kitambaa vilivyobandikwa kwenye daftari la mazoezi, mtahini apokee kadi iliyokamilika ikiwa ndani ya bahasha yake, aifungue na kuifunga, apime mikunjo na pembe za dirisha kwa rula, atazame kama mgongo wa kitambaa umelala bapa, na atoe alama za karatasi sawa na za mshono. Mwalimu wa ushonaji na mwalimu wa sanaa watie saini karatasi moja ya alama. Kwa kuwa kadi za Krismasi na za mahafali ya mwisho wa mwaka zinahitaji kuanza kushonwa miezi kadhaa kabla, utaratibu huo ukianza katika muhula huu, wanafunzi watakuwa na kadi za kuuza kabla ya Desemba.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mstaafu wa sayansi kimu,
Morogoro.