Binti yangu ni raia wa kurithi, sahihisheni habari yenu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako tangu nikiwa kazini na sijawahi kukuandikia. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Katika ile habari ya sifa za mgombea urais, mwandishi wako amesema mtoto wa Mtanzania, popote alipozaliwa, ni raia wa kuzaliwa na anaweza kugombea. Si kweli. Hayo ni ya Wakenya, ambao katiba yao ya 2010 inamhesabu hivyo hata aliyezaliwa ng'ambo, mradi baba au mama awe Mkenya. Kwetu ibara ya 39 ya katiba inataka raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, na sheria hiyo ya 1995 ina mafungu matatu: kuzaliwa, kurithi na tajinisi, yaani mgeni aliyeomba uraia akapewa. Aliyezaliwa nje na wazazi Watanzania ni wa kurithi.

Najua kwa sababu yamenikuta. Mwaka 1983 nilikuwa fundi wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nimepangiwa karakana ya Mpika, Zambia. Mke wangu alishakata tiketi ya kurudi Tunduma akajifungulie kwa mama yake. Uchungu ukamshika usiku wa kuamkia safari, binti akazaliwa Mpika, tiketi ikiwa bado imefungwa kwenye pindo la kanga. Tulirudi naye hajaota meno. Amesoma hapa, ameolewa hapa, anafundisha shule ya msingi hapa. Alipokwenda kushughulikia pasipoti nilimsindikiza. Ofisa akaweka ncha ya kalamu kwenye mahali pa kuzaliwa, akasema, "Mzee, huyu ni raia wa kurithi." Binti akauliza tofauti ni nini. "Ndogo tu, mama. Hutagombea urais." Foleni nzima ikacheka. Binti yangu naye akacheka, kwa adabu. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijaona cha kuchekesha. Sikwenda Mpika kutafuta maisha. Nilipelekwa kutengeneza vichwa vya treni vya reli ya Nyerere na Kaunda, na mtoto niliyempata nikiwa kwenye kazi hiyo anaambiwa uraia wake una pengo, ila wa mtoto wa jirani aliyezaliwa Tunduma, hatua chache kutoka Nakonde ya Zambia, umekamilika! Na watoto wa wenzetu waliopelekwa kusoma Urusi wakazalia huko wamo fungu hilohilo.

Kaunda mwenyewe yalimfika. Alizaliwa Chinsali, jirani na Mpika, akaitawala Zambia miaka 27. Mwaka 1996 katiba ikabadilishwa, wazazi wote wawili wa mgombea wawe Wazambia, na wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ikafika kusema si raia.

Na huku mpakani kuna jingine. Mnyamwanga akiomba kitambulisho anaulizwa cheti cha kuzaliwa cha babu yake. Babu aliyezaliwa Wajerumani wakiwa bado hapa, cheti akipate wapi? Jirani yangu amerudishwa mara tatu, kila mara na barua mpya ya mtendaji, kwa sababu jina la ukoo wake liko pia upande wa pili. Mpaka waliuchora wageni katikati ya mashamba yao, leo wao ndio wanaotakiwa kujieleza.

Nashauri ibara ya 39(1)(a) iongezwe maneno kumi na moja: "au raia wa kurithi ambaye mzazi wake ni raia wa kuzaliwa". Nimeyahesabu. Mbunge wetu nimempelekea nakala.

Nawe, Mhariri, sahihisha habari ile katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule. Binti yangu aliisoma, akanipigia simu usiku kuniuliza kama sheria imebadilika.

Mstaafu wa reli,
Vwawa, Songwe